Grisi au oili, bushi au beringi: ulinganisho kwa mwenye mashine wa Dodoma

Maelekezo yaliyoandikwa kwenye makopo mengi ya vilainishi ni ya mashine iliyofungwa ndani ya karakana yenye sakafu ya saruji na madirisha yanayofungika. Mashine nyingi za huku kwetu hazikai mahali pa namna hiyo. Kinu cha Kibaigwa kiko chini ya bati, pande mbili wazi. Mashine ya alizeti ya Kondoa iko hatua chache kutoka uwanja wa kuanikia mbegu. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua hakuna, upepo upo, na barabara ya vumbi haiko mbali. Ndiyo maana naamini mwenye mashine wa Dodoma, Manyoni au Singida asianze kwa kuuliza kipi kinateleza zaidi kati ya grisi na oili. Aanze na hili: kipi kitalizuia vumbi lisiingie, na likishaingia, kipi kitalitoa?

Kila ulinganisho unaofuata umepimwa kwa swali hilo.

Vumbi letu linakwaruza hata beringi

Vilima vya mawe vinavyouzunguka mji wa Dodoma ni vya graniti. Graniti ikimomonyoka huacha chembe za kwatzi, ule mchanga unaometameta juani. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs kwatzi ina 7, ugumu unaotosha kukikwaruza chuma cha beringi ambacho kiwandani kimetiwa ugumu kwa moto. Sasa angalia nafasi yenyewe. Tando la oili linalotenganisha gololi na njia yake ndani ya beringi mara nyingi halifiki unene wa maikromita 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati unywele wa binadamu una maikromita 70 hivi. Chembe ya vumbi ya maikromita 10 huioni kwa macho, lakini ni kubwa mara kumi kuliko nafasi inayopita. Itakanyagwa na gololi, itachimba kashimo kwenye njia, na kila gololi itakayopita juu ya kashimo hako itakipanua.

Mwingereza J. F. Archard alieleza mwaka 1953 jinsi vyuma vinavyolika: kiasi cha chuma kinachopotea huongezeka kadiri ya mzigo na kadiri ya umbali ambao nyuso zimesuguana, na hupungua kadiri uso unavyokuwa mgumu. Mwenye kinu hawezi kupunguza mzigo, maana mahindi yanataka kusagwa. Hawezi kupunguza umbali, maana huo ndio saa za kazi. Anachobaki nacho ni kuzitenganisha nyuso na kuzuia kitu kigumu kisiingie kati yake.

Kongwa inaijua habari hii kwa ukubwa wake. Mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza ulioanza huko mwaka 1947 ulileta matrekta mengi. Miongoni mwa mambo yaliyoukwamisha, pamoja na ukame na vichaka vyenye mizizi migumu, ni udongo uliokauka ukashikamana, na mchanga wake ukala vyuma vya kulimia kwa kasi ambayo waliopanga mradi hawakuitarajia. Mradi ulisitishwa mwaka 1951. Udongo ule ule bado unalimwa.

Oili au grisi

Grisi ni oili iliyoshikwa na sabuni. Kati ya asilimia 70 na 95 ya kopo la grisi ni oili yenyewe. Sabuni kazi yake ni kuishika na kuiachia kidogo kidogo pale beringi inapozunguka. Kwa hiyo ukibishana ipi inateleza zaidi unapoteza muda. Tofauti iko kwenye mwendo: oili inatiririka, grisi inakaa.

Kwa kuwa oili inatiririka, inabeba joto kutoka kwenye gia na kulipeleka kwenye ukuta wa giaboksi. Inabeba pia unga wa chuma na kuuacha chini, ambako skrubu ya kumwagia yenye sumaku itaunasa. Siku ya kubadilisha, uchafu wote unatoka nayo. Gharama yake ni kwamba inataka nyumba iliyofungwa vizuri, sili (kizibo cha mpira kinachoizunguka shafti) nzima, na mtu wa kutazama kipimo. Sili ikichoka, oili inaondoka bila kuaga, na mashine inaendelea kuzunguka ikiwa kavu.

Grisi haibebi joto na haisafishi. Vumbi likiingia ndani yake linabaki humo, na mchanganyiko wa grisi na mchanga ni dawa ya kusagia chuma. Lakini grisi ina kitu ambacho oili haina: inaziba mlango. Ukanda wa grisi kwenye mdomo wa beringi unalikamata vumbi kabla halijafika kwenye gololi, na grisi mpya ikisukumwa kutoka ndani inautoa uchafu nje.

Kwa hiyo giaboksi ya mashine ya kukamua, injini na pampu vipewe oili, bila mjadala. Beringi za kinu, beringi za mota, ekseli za trela, pini za jembe la diski na viungo vya usukani wa trekta vipewe grisi, na huku Dodoma vipewe mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema, kwa sababu hapa grisi inafanya kazi mbili: kulainisha na kuziba.

Wengine wanahofia spidi. Kinu cha nyundo kinaweza kuzunguka mara 3,000 kwa dakika, na mtu akiiona kasi hiyo anadhani grisi haiwezi. Kuna hesabu ndogo ya kulipima hilo. Chukua kipenyo cha wastani cha beringi kwa milimita, zidisha kwa mizunguko ya dakika moja. Beringi namba 6310 ina tundu la milimita 50 na kipenyo cha nje cha milimita 110, wastani 80. Ukizidisha 80 kwa 3,000 unapata 240,000. Grisi nzuri ya lithiamu namba 2 inaimudu bila shida. Ukiona beringi ya namna hiyo inaunguza, sababu iko kwingine.

Na mara nyingi sababu ni kujaza kupita kiasi. Beringi ikipata moto, mkono wa kwanza unakimbilia bomba la grisi, na moto unazidi. Grisi iliyojaa tele haina pa kwenda, gololi zinaikoroga, na kukoroga huko kwenyewe kunazalisha joto. Nafasi tupu ya ndani ijazwe theluthi moja hadi nusu, basi. Kwa beringi iliyo juu ya nyuzi 70, kila ongezeko la nyuzi 15 hupunguza maisha ya grisi kwa nusu. Kipimo cha mkononi: nyumba ya beringi ambayo kiganja hakiivumilii zaidi ya sekunde chache iko kwenye nyuzi 60 hivi.

Napenda kumtazama fundi anayejua kupiga grisi. Kwanza anafuta tundu la kuingizia kwa kitambaa mpaka chuma kionekane, kwa sababu vumbi lililokaa pale ndilo la kwanza kusukumwa ndani. Anaikamulia grisi ya mdomoni mwa bomba kwenye kitambaa hicho na kuitupa. Halafu anamwambia kijana azungushe puli kwa mkono, polepole, huku yeye akisukuma. Kwenye mdomo wa beringi inatokea kwanza grisi ya kijivu iliyochanganyika na unga, kisha ya kahawia, kisha inaanza kuonekana ile ya rangi ya kopo. Hapo anaacha. Ile ya kijivu anaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikikwaruza, anajua sili imekufa, na anamwambia mwenye mashine, "Mama, grisi haitasaidia hapa, tununue sili."

Grisi ya lithiamu, ya kalisi, na ile nyeusi

Dukani utaoneshwa makopo ya njano, mekundu na ya bluu. Rangi haikuambii aina. Mara nyingi ni rangi tu iliyotiwa kiwandani. Soma maandishi.

Grisi ya kalisi ya kawaida ni ya bei nafuu na haiogopi maji, lakini haivumilii joto. Ikipita nyuzi 60 hivi inaanza kupoteza umbo, na kwenye joto kubwa zaidi oili na sabuni zinaachana. Inafaa kwa mkokoteni, trela, bawaba za geti na pampu ya mkono ya kisima. Usiiweke kwenye kinu wala kwenye mota.

Grisi ya lithiamu ndiyo ya kila mahali. Umbo lake linadumu hadi nyuzi 180 hivi kabla ya kuyeyuka, na kwa matumizi ya kila siku inafika 120. Namba 2 kwenye kopo ni ugumu wake: grisi hupangwa kuanzia 000, ambayo ni uji mwepesi, hadi 6, ambayo ni kipande kigumu. Kwa vinu, mota na magari chukua namba 2. Kwa beringi kubwa iliyosimama wima, ambako grisi hushuka yenyewe, namba 3 ina nafasi yake. Watu wa huku wanaolima mbarika wajue pia kwamba sabuni ya grisi hii hutengenezwa kwa asidi inayotokana na mafuta ya mbarika, kwa hiyo zao la shamba kame liko ndani ya karibu kila ekseli inayopita barabara ya Morogoro.

Ile nyeusi ina molibdenamu au grafiti. Hizi ni chembe zenye tabaka zinazoteleza moja juu ya nyingine, na hubaki kati ya vyuma hata oili ikikamuliwa yote. Zinafaa pale penye mzigo mzito, mwendo mdogo na kugongwagongwa: pini za trekta, springi za lori, sahani ya kuunganishia trela. Kwenye beringi ya spidi ya kinu hazina faida, na zinaweza kuzifanya gololi ziteleze badala ya kubingirika. Fundi anayeipaka nyeusi kila mahali kwa sababu ni ya bei zaidi anakosea kwa nia njema.

Usichanganye aina. Sabuni mbili tofauti zikikutana zinaweza kulainika na kuvuja zote. Ukibadilisha aina, fungua, osha kwa dizeli, kausha kabisa, anza upya.

Beringi wazi, yenye bati, yenye mpira

Kwenye beringi ile ile ya 6310 utakuta maandishi ya mwisho yanayotofautiana, na wauzaji wengine watakupa yoyote iliyopo rafu ya karibu. Hapa usikubali.

Isiyo na maandishi ya kifuniko ni wazi pande zote mbili. Hiyo inategemea kabisa nyumba yake na sili za nyumba hiyo, na faida yake ni kwamba unaweza kuisukumia grisi mpya maisha yake yote. ZZ ina bati jembamba kila upande. Bati haligusi ringi ya ndani, kuna mwanya, na unga wa sembe unapita kwenye mwanya huo. Inafaa kwenye mota iliyofunikwa. 2RS ina mpira unaogusa ringi, kwa hiyo vumbi linazuiwa kweli, ila mpira unaongeza joto kidogo na kupunguza kiwango cha juu cha spidi.

Kwa konveya, puli za mkanda, chekeche na magurudumu ya mkokoteni, yaani popote penye vumbi na spidi ndogo, nachagua 2RS bila kusita. Kwa shafti kuu ya kinu, kama nyumba ya beringi ina sili nzuri na tundu la grisi, nachagua wazi, kwa sababu nataka kuusukuma uchafu utoke. Kuweka 2RS kwenye nyumba yenye tundu la grisi na kuendelea kupiga bomba kila wiki ni kupoteza mali: grisi inajaa nje ya mpira na ndani haifiki.

Ukiona C3, maana yake gololi zina nafasi kubwa kidogo kuliko kawaida, ili chuma kikipanuka kwa joto zisibanwe. Kwa mota na shafti zinazopata moto, ichukue.

Bushi bado ina mahali pake

Kuna wanaoona bushi, ile bomba fupi isiyo na gololi ambayo shafti huzunguka ndani yake, ni ya zamani. Treni za kisasa hutembea kwenye beringi za rola zilizofungwa na grisi yake, lakini mabehewa ya enzi reli ya kati ilipofika Dodoma, mwaka 1910, yalitembea juu ya bushi zilizonyweshwa oili, na yalibeba tani kwa tani.

Siri ya bushi ilifumbuliwa kwa bahati kwenye majaribio ya ekseli za reli. Mwaka 1883 mhandisi Beauchamp Tower, huko Uingereza, alitoboa tundu juu ya bushi akitaka kuweka kikombe cha oili. Mashine ilipozunguka, oili ikapanda na kumwagika kupitia tundu hilo. Akaziba kwa kizibo cha mbao, kizibo kikasukumwa nje. Alipofunga geji, presha ilipita mara mbili ya wastani wa mzigo uliokuwa juu ya bushi. Shafti inayozunguka ilikuwa inaivuta oili kwenye nafasi nyembamba na kujiinua yenyewe juu yake. Osborne Reynolds akaitolea hesabu mwaka 1886, na kwa hesabu hiyo wahandisi wanasanifu bushi hadi leo. Katika hali hiyo vyuma havigusani kabisa. Vinagusana wakati wa kuwasha na kuzima, ndiyo maana mashine inayozimwa na kuwashwa ovyo hula bushi upesi kuliko inayozunguka mfululizo.

Faida ya bushi kwa mazingira yetu ni kwamba haiogopi kugongwa, inachongwa na fundi wa mashine ya kuchonga hapa hapa mjini, na ikilika unabadilisha kipande kimoja cha bei ndogo. Bushi laini ya madini meupe, aina aliyoibuni Isaac Babbitt mwaka 1839, inaimeza chembe ya mchanga na kuizamisha ndani yake isikwaruze. Bushi ya shaba ngumu haiimezi yote. Chembe inakwama nusu ndani, nusu nje, na hapo shafti ndiyo inayolika ingawa ni ngumu kuliko bushi. Ukifungua ukakuta bushi nzima na shafti ina mifereji, usilaumu chuma cha shafti. Lililoingia ni vumbi.

Kwa mwendo mdogo wenye mshtuko, kama pini za plau, egemeo la mkono wa pampu au mashine ya kupura, chagua bushi na grisi. Kwa spidi, kwa umeme, na pale ambapo kila senti ya msuguano inaonekana kwenye luku, chagua beringi.

Injini: SAE 40 au 15W-40

Injini za dizeli za mtungi mmoja zinazoendesha vinu vijijini huuziwa SAE 40, na mara nyingine mtu anashawishiwa anunue 15W-40 kwa kuwa namba ni mbili. Zikiwa moto, zote mbili ni sawa: kwenye nyuzi 100 uzito wa zote, yaani ugumu wa kutiririka, lazima uwe kati ya senti-stoki 12.5 na 16.3. Ile 15W inaeleza tu jinsi oili inavyotiririka kwenye baridi kali, baridi ya chini ya sifuri, ambayo Dodoma haijui hata usiku wa Julai. Kwa hiyo kwa injini ya zamani SAE 40 inatosha. Angalia zaidi herufi za daraja: zinazoanza na C ni za dizeli, zinazoanza na S ni za petroli, na herufi inayofuata ikiwa mbele zaidi kwenye alfabeti ina maana oili ni ya kiwango kipya zaidi. 15W-40 nyingi zina daraja la juu, na hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kuilipia, si namba ya baridi.

Oili ya giaboksi namba 90 si nzito mara mbili ya 40. Zinapimwa kwa mizani mbili tofauti, na zikiwa moto uzito wake unakaribiana. Kinachoitofautisha ni dawa ya salfa na fosforasi inayozilinda gia zinapobanana. Usiiweke kwenye injini.

Kwa bodaboda, kwa kifupi: tafuta alama ya JASO MA. Klachi yake inaogelea ndani ya oili ya injini, na oili ya gari dogo yenye dawa ya kupunguza msuguano inaweza kuifanya klachi iteleze.

Ila kwa injini ya Dodoma, filta ya hewa inaamua zaidi kuliko oili. Mchanga unaoingia na hewa unakwenda moja kwa moja kwenye ringi za pistoni na ukuta wa silinda. Filta ya karatasi inanasa chembe ndogo zaidi, lakini ikijaa lazima ununue nyingine, na kuipiga piga ukutani kunaipasua. Filta ya bakuli la oili inapitisha vumbi jembamba kiasi, lakini inaoshwa na kurudishwa bila gharama. Kwa kijiji kilicho mbali na duka nachagua bakuli, kwa sharti kwamba lifunguliwe kila siku wakati wa kiangazi. Tope likifika nusu ya kina cha oili, mwaga. Kwa mji, karatasi.

Oili chafu iliyotolewa kwenye injini isirudi kwenye mashine yoyote. Ina masizi, asidi na unga wa chuma. Kuigusa kila siku ni hatari kwa ngozi, hata ya saratani. Na kwenye mashine ya chakula haina nafasi hata ya tone.

Mashine ya alizeti: pesa iende wapi

Hapa ndipo watu wa Dodoma na Singida wanapopoteza zaidi, na ndipo uchaguzi mzuri unalipa haraka.

Ndani ya mashine ya kukamua kuna skrubu kubwa inayosukuma mbegu mbele kwenye kizimba cha vipande vya chuma vilivyopangwa kwa mianya myembamba. Mafuta yanatoka kwenye mianya, mashudu yanatoka mwisho. Nguvu inayosukuma mbegu mbele inaisukuma shafti nyuma kwa kiasi kile kile, na anayeipokea ni beringi ya msukumo iliyo nyuma, jirani na giaboksi. Hiyo ndiyo beringi yenye kazi nzito kuliko zote kwenye banda. Mashine yako ikikupa uchaguzi kati ya beringi hiyo kulainishwa kwa grisi au kuzamishwa kwenye oili ya giaboksi, chukua oili: mzigo ni mkubwa, mwendo ni wa polepole, na joto la kukamua linatembea kwenye shafti hadi pale.

Wengine huchota mafuta ya alizeti yenyewe na kuyapaka kwenye beringi, kwa kuwa yapo na ni safi. Kwa saa za kwanza yanalainisha vizuri sana, kwa kweli kuliko oili ya madini, kwa sababu asidi zake za mafuta zinang'ang'ania uso wa chuma. Shida ni kwamba yanaungana na hewa. Yakipata joto yanakuwa mazito, kisha ulimbo unaonata, na ulimbo huo unakamata vumbi na pumba. Yatumie kwenye visu, bawaba na sehemu zinazooshwa kila jioni. Mafuta ya mbarika ni mazito zaidi, mara sita au saba ya alizeti kwenye nyuzi 40, na hayakauki upesi hivyo. Injini nyingi za ndege za Vita Kuu ya Kwanza zilitumia hayo. Lakini hayaliwi, kwa hiyo yasikaribie kizimba. Pale ambapo kilainishi kinaweza kudondokea kwenye chakula, iwe mashine ya alizeti au mtambo wa kukamua zabibu, nunua grisi yenye alama ya H1. Ni ghali kuliko ya kawaida, na unaihitaji sehemu chache tu.

Sasa linganisha matumizi mawili ya pesa ile ile. La kwanza ni grisi ya bei kubwa ya kiwango cha juu kwa mashine nzima. La pili ni turubai za kuanikia na chekeche ya kusafisha mbegu. Mimi nachagua la pili, na sioni ugumu. Skrubu na kizimba havilainishwi na kopo lolote. Kilainishi chao ni mafuta ya mbegu, na adui yao ni mchanga unaokuja na mbegu zilizoanikwa chini. Chota kiganja cha mbegu za namna hiyo, zipepete juu ya karatasi nyeupe, uone kinachobaki. Kinachobaki kinapita kati ya skrubu na chuma kwa presha kubwa, gunia baada ya gunia, na kukila chuma kwa namna ambayo Archard aliieleza.

Skrubu ikilika, mwanya unapanuka, mbegu zinarudi nyuma, mashudu yanatoka na mafuta mengi, na mkulima anasema mbegu za mwaka huu ni mbaya. Kamua mashudu kwa vidole: yakiacha alama ya mafuta kwenye karatasi kuliko ilivyokuwa mwanzo wa msimu, pima skrubu. Kuijaza kwa kuchomelea kwa vijiti vya chuma kigumu ni nafuu kuliko kununua mpya, ila fundi aongeze chuma sawasawa pande zote na achonge kurudi kwenye kipenyo cha awali. Skrubu isiyo na mizani itaila beringi ya msukumo upesi. Vipande vya kizimba vigeuzwe kwanza kabla ya kununuliwa vipya, maana vingi vina kingo zaidi ya moja na vinalika upande mmoja tu.